Nyani, Kima na Wenzao: Majina, Maana na Matumizi Yake katika Kiswahili



1. Utangulizi

Nawashukuru walionialika kutoa mhadhara huu. Najua kwamba baadhi yenu mlipoliona tangazo lake mlitabasamu. Katika ukumbi kama huu tumezoea kusikia habari za sera ya lugha, usanifishaji na fasihi ya watunzi wakubwa, na leo mzee mzima amesimama mbele yenu kuzungumzia nyani. Naomba mnivumilie. Nakusudia kuonyesha kwamba majina ya wanyama hawa yamebeba ujuzi mwingi kuliko tunavyodhani, na kwamba tunapoyapoteza kuna hasara ambayo mtu huweza kuigusa kwa mkono.

Nianze na kisa changu mwenyewe. Nilikulia katika kijiji kilichoko chini ya milima ya Usambara. Mahindi yalipoanza kukomaa, kazi ya watoto wa rika langu ilikuwa kukaa dunguni na kulinda shamba. Bibi yangu alitufundisha namna ya kuita. Tukiona tumbili, tulitakiwa kuita "Tumbili!", na wakubwa waliokuwa wakilima jirani hawakujisumbua, kwa kuwa kombeo la mtoto na kelele za debe zilitosha kuwafukuza. Tukiona nyani, tulitakiwa kuita "Nyani!", na hapo wanaume wawili watatu walikuja mbio na mbwa na marungu, maana nyani dume hamwogopi mtoto. Siku moja niliona vivuli vikitoka kwenye ukingo wa msitu. Usingizi ulikuwa umenizidi. Nikaita "Tumbili!" bila kutazama vizuri, nikarusha jiwe moja la kombeo, nikajikunyata. Walikuwa nyani, kundi zima. Hakuna aliyekuja. Nilipoona ukubwa wa dume la mbele niliteremka nikakimbia, na wakubwa walipofika sehemu kubwa ya shamba ilikuwa imebaki mabua.

Bibi hakunichapa. Aliniambia neno moja tu: "Mjukuu wangu, jina ulilolitaja ndilo lililokula mahindi."

Nimefundisha isimu kwa miaka mingi na nimesoma nadharia nyingi za maana, lakini sijapata maelezo yaliyo mafupi na sahihi kuliko hayo. Jina la mnyama katika lugha ya watu wanaoishi naye ni ujuzi uliofupishwa. Humwambia msikilizaji ni nani aliyekuja, ana nguvu gani, na afanye nini. Hoja yangu leo ni kwamba Kiswahili kina hazina ya majina haya, kwamba jina moja kati yake, nyani, linazidi kuyameza mengine, na kwamba kumezwa huko kunatuathiri katika kamusi, katika tafsiri na hata katika afya ya jamii.

2. Majina na wenye majina

Wanyama ninaowazungumzia ni wale ambao wanasayansi huwaita primeti, tukimwacha binadamu kando. Kiswahili cha asili hakikuwa na jina moja linalowakusanya wote. Kilikuwa na majina ya kila mmoja.

Nyani ni mnyama mkubwa mwenye pua ndefu kama ya mbwa, ambaye hutumia muda mwingi wa mchana ardhini na hutembea kwa makundi makubwa yenye madume ya ulinzi. Matako yake yana sehemu ngumu zisizo na manyoya, ambazo ndizo huitwa ngoko. Tumbili ni mdogo, mwenye uso mweusi uliozungushiwa manyoya meupe na mwili wa kijivu, na hupenda ukingo wa msitu, mito na mashamba. Kima ni wa msituni zaidi, mwenye rangi ya kijivu iliyokolea na mkia mrefu, na ndiye anayejulikana sana Unguja na mwambao wote. Mbega hukaa juu ya miti, hula majani, na ana manyoya marefu meusi na meupe ambayo jamii nyingi za bara ziliyatumia kwa mapambo ya ngoma na vita. Mkono wake hauna kidole gumba kilichokamilika, jambo ambalo wanasayansi wa Ulaya walilitumia kumpa jina lenye maana ya "aliyekatwa". Komba ni mdogo kuliko wote, mwenye macho makubwa, hutoka usiku, na kilio chake hufanana na cha mtoto mchanga. Sokwe hana mkia, na kwetu Tanzania makao yake yanayojulikana zaidi ni Gombe na Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika. Livingstone, katika shajara zake za mwisho, alimwandika mnyama wa aina hii katika nchi ya Manyema kwa jina la soko, na si vigumu kuona udugu wa jina hilo na sokwe wetu.

Yuko pia ngedere. Huyu ndiye mwenye mipaka inayoyumba. Katika sehemu nyingi za bara jina hili humtaja mnyama mdogo mweusimweusi, lakini mzungumzaji wa mahali pamoja atamwonyesha kima na wa mahali pengine atamwonyesha tumbili. Kuyumba huku si kasoro ya lugha. Majina ya wanyama hupimwa kwa mazingira ya wanaoyatumia, na mahali ambapo kima hayupo, jina moja huweza kuhamia kwa jirani yake.

Sasa tuangalie kamusi zetu. Mara nyingi ukifungua kidahizo cha kima, utaambiwa ni mnyama wa jamii ya nyani. Ukienda kwa tumbili, utaambiwa ni mnyama afananaye na kima. Ukienda kwa ngedere, utarudishwa kwa nyani. Msomaji huzunguka duara na kutoka na mnyama mmoja mwenye majina matano. Fasili za namna hii zilikuwa na maana wakati kila msomaji alikuwa amewaona wenye majina, kwa sababu alihitaji kukumbushwa tu. Kwa mwanafunzi aliyezaliwa mjini hazimsaidii kitu. Nimezoea kuwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza picha za tumbili, mbega na sokwe na kuwauliza majina yake. Jibu ninalolipata mara nyingi kwa picha zote tatu ni moja: nyani.

Kwa hiyo, katika Kiswahili cha leo neno nyani lina maana mbili. Lina maana finyu, ya mnyama yule wa pua ndefu, na lina maana pana, ya jamii nzima hadi sokwe. Jambo hili hutokea katika lugha nyingi: jina la mmoja mashuhuri hupanda ngazi na kuwa jina la wote. Lina faida yake, kwa kuwa sayansi inahitaji jina la jumla. Tatizo huanza pale maana pana inapoua majina mengine badala ya kuishi nayo.

Hapa nataka kuwakumbusha utafiti ambao kila mwanafunzi wa isimu anapaswa kuujua. Katika mbuga ya Amboseli nchini Kenya, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichunguza milio ya tumbili, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1980. Waligundua kwamba tumbili ana mlio mmoja wa kumtahadharisha mwenzake juu ya chui, mwingine juu ya tai, na mwingine juu ya nyoka. Watafiti walirekodi milio hiyo na kuipiga kwa vipaza sauti wakati adui hayupo. Waliposikia mlio wa chui, tumbili walikimbilia juu ya miti. Waliposikia wa tai, walitazama juu au kujificha vichakani. Waliposikia wa nyoka, walisimama kwa miguu miwili na kuangalia chini. Wanaisimu wanabishana hadi leo iwapo milio hiyo iitwe maneno, na sitauingia ubishi huo. Naona tu kwamba tumbili hajakubali kuwaita maadui zake wote kwa mlio mmoja. Anayeukosea mlio huo huliwa. Mimi nilipoukosea wangu, mahindi ndiyo yaliyoliwa.

3. Kima watatu

Neno kima linastahili sehemu yake peke yake, kwa sababu ni mfano mzuri wa homonimu, yaani maneno yenye umbo moja na asili tofauti.

Kima wa kwanza ni mnyama. Huyu ni Mbantu halisi. Wataalamu wa isimu linganishi wameunda upya mzizi wake katika Kibantu cha kale, na ndugu zake wako hai: Luganda husema nkima, na Kinyarwanda na Kirundi husema inkima. Katika Buganda, Nkima ni jina la ukoo mzima ambao mnyama huyo ni mwiko wake. Tazameni ile n inayotangulia katika lugha hizo. Kiswahili nacho kilikuwa nayo, lakini nazali hiyo ilidondoka mbele ya k na kuacha alama yake, yaani mpumuo. Katika lahaja za kaskazini, kama Kimvita, k ya kima mnyama hutamkwa kwa kupumua. Kwa hiyo silabi ki- katika neno hili si kiambishi cha ngeli hata kidogo. Ni sehemu ya mzizi.

Kima wa pili ni kiwango au thamani, kama katika "kima cha chini cha mshahara". Huyu alikuja na Kiarabu, ambako neno lake lina maana ya thamani. Alipofika kwetu, wazungumzaji walimsikia akianza na ki- wakadhani ni kiambishi, wakamwingiza katika ngeli ya KI-VI pamoja na kitu na kisu. Ndiyo maana twasema kima cha, wala hatusemi kima ya.

Kima wa tatu ni nyama iliyosagwa, ile ya kutilia sambusa. Huyu alitufikia kupitia Kihindi na Kiurdu pamoja na mapishi yenyewe.

Mtu anaweza kuuliza wazungumzaji hutofautishaje watatu hawa. Sarufi hufanya kazi hiyo bila kelele. Kima huyu amepanda juu ya mti. Kima hiki hakimtoshi mfanyakazi. Kima hii haijaiva. Vionyeshi vitatu vimetupa maneno matatu. Nilipata kuwa na mwanafunzi mgeni ambaye, akiwa Unguja, aliwekewa sambusa na kuambiwa ni za kima. Aliziacha sahanini, akaniuliza pembeni kama ni halali kumla mnyama wa msituni. Alijua neno, ila hakujua ngeli. Tangu siku ile hutumia mfano huo kuwaeleza wanafunzi kwamba upatanisho wa kisarufi si pambo.

Tusimwache pia kima punju wa Unguja, mwenye mgongo mwekundu, ambaye hapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani. Punju ni sumu. Wenyeji walimpa jina hilo kwa sababu ya harufu yake na kwa sababu iliaminiwa kwamba huharibu miti anayoilia. Jina hilo lilimfanya achukiwe na wakulima kwa muda mrefu. Leo mnyama huyo huyo, katika hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa kuwa ya taifa mwaka 2004, huwaleta wageni kwa maelfu. Watafiti wamemwona akila mkaa, na inaelezwa kwamba mkaa humsaidia kuzimua sumu zilizomo katika majani anayokula. Sumu imo katika chakula chake, naye amepata dawa yake. Jina lilikuwa limegusa jambo la kweli, ila lilimtwika mla sumu lawama ya kuwa ndiye sumu.

4. Methali na matumizi ya kila siku

Katika mazungumzo ya kila siku, wanyama hawa hukaa zaidi katika methali, misemo na tashbihi. Nitazitazama chache tu, kwa lengo la kuonyesha kwamba kila mnyama amepewa kazi inayolingana na tabia yake.

"Nyani haoni kundule." Kundule ni kundu lake, kwa muundo wa zamani wa kuunganisha nomino na kimilikishi, kama tusemavyo mwanawe na mkewe. Wengine husema "haoni ngokoye". Methali hii inamhitaji nyani wa maana finyu, kwa kuwa ni yeye mwenye ngoko inayoonekana kutoka mbali na kila mtu isipokuwa mwenyewe. Ukimweka mbega hapo, ambaye manyoya yake yamefunika kila kitu, methali inakufa.

"Ukicheka na nyani utavuna mabua." Hii ni methali ya dunguni, nami nimekwisha kuilipia ada yake. Leo husikika zaidi katika siasa na katika ofisi, kwa maana ya kuwaonya wanaowalea wabadhirifu kwa upole.

"Kesi ya nyani kumpelekea ngedere." Nguvu ya methali hii iko katika tofauti na ufanano kwa pamoja. Ngedere si nyani, kwa hiyo kwa sura anaweza kupita kama mwamuzi. Lakini wote wawili hula katika shamba lile lile. Kila inapoundwa tume ya kuwachunguza wakubwa, na wajumbe wake ni washirika wa wakubwa hao, wananchi huitaja methali hii. Kwa mtu ambaye nyani na ngedere kwake ni mnyama mmoja, methali hii imegeuka kuwa sentensi isiyo na ncha.

"Ukimwona nyani mzee, ujue amekwepa mishale mingi." Hapa nyani anaheshimiwa. Husemwa kwa utani juu ya wazee kama mimi, na sina kinyongo nayo. Mwenzake ni "Siku ya kufa nyani miti yote huteleza", inayotukumbusha kwamba ustadi wa maisha yote huweza kumtupa mtu mkono katika saa moja.

Komba naye ana sifa ya ulevi. Hupenda tembo linalogemwa minazini, na wagema wanajua kwamba ataufuata utamu huo hadi kwenye kibuyu. Ndiyo maana mlevi aliyepita kiasi hufananishwa naye. Kima ana sifa ya akili. Katika hadithi ya punda wa dobi, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 miongoni mwa hadithi za Unguja, kima huokoka kwa papa aliyetaka kumpeleka akatolewe moyo, kwa kumwambia kwamba moyo wake ameuacha mtini. Hadithi hiyo ina asili ya Kihindi na ilisambaa pia kwa njia ya Kalila wa Dimna. Huko adui wa majini si papa. Katika masimulizi ya Kihindi ni mamba. Waswahili walimpa kima wao mti wa mkuyu ulioinamia bahari na wakamletea adui wanayemjua.

Methali moja nimeiweka ya mwisho kwa makusudi: "Ukitaka kumuua nyani, usimtazame usoni." Kwa kawaida hutumika kwa maana ya kwamba anayetaka kutekeleza uamuzi mgumu asiruhusu huruma imzuie. Lakini tuitazame maana yake ya msingi. Kwa nini asimtazame usoni? Kwa sababu uso wa nyani ni kama wa mtu. Aliyeitunga methali hii alikuwa ameshika upinde, akamtazama adui wa shamba lake, akajiona mwenyewe. Ufanano wa mtu na nyani katika methali hii unazaa huruma, hata ikawa lazima mtu aikwepe kwa kugeuza macho.

5. Tusi, na majina yaliyosafiri

Ufanano huo huo umetumiwa kwa kusudi lililo kinyume. Hatuwezi kusema tumeeleza maana ya maneno haya kama tutanyamazia matusi, maana hayo nayo ni matumizi ya kila siku. "Nyani wewe", "kima wewe", na kule Nairobi "nugu", neno lililochukuliwa kutoka Kikuyu ambako lina maana ya nyani, ni maneno yanayosikika barabarani, sokoni na, kwa aibu yetu, hata madarasani. Nilipokuwa shuleni, mwalimu mmoja alikuwa na desturi ya kumwita mwenzetu nyani kwa sababu ya sura yake. Tulicheka. Kabla ya mwaka kwisha mwenzetu aliacha shule. Nimelikumbuka jina lake kwa zaidi ya nusu karne, na kicheko chetu pia.

Mwanaisimu huona jambo moja katika sarufi ya tusi hili. Kiswahili humpatanisha mnyama kama kinavyompatanisha mtu: mtu huyu amekuja, nyani huyu amekuja. Katika upatanisho, uhai hauna ubaguzi. Lakini mtukanaji hukiuka kanuni hiyo. Husema "jinyani hili limekuja" au "kinyani hiki kimefika". Humvua mtu upatanisho wa viumbe hai na kumtupa katika ngeli za vitu. Tusi limo katika li- na ki- kama lilivyomo katika nomino yenyewe.

Historia imeongeza uzito wa jambo hili. Maelezo yanayokubaliwa na wengi juu ya neno la Kireno macaco ni kwamba lilitoka katika lugha za Kibantu za pwani ya Kongo, kwa wingi wa jina la mnyama huyo: kaku, makaku. Lile ma- ni ndugu wa ma- yetu ya majani na matunda. Wareno walilichukua, Wafaransa wakalifanya macaque, na mwaka 1799 mwanasayansi Lacépède akalitumia kuunda jina la kitaalamu Macaca, kwa wanyama ambao karibu wote wanaishi Asia. Hata neno la Kiingereza chimpanzee, lililoandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1738, lilitoka katika lugha za pwani hiyo hiyo, na mwanzo wake una kiambishi kinacholingana na ki- yetu. Kisha katika Kongo ya Wabelgiji, macaque likarudi nyumbani likiwa tusi la mkoloni kwa Mwafrika. Neno lilitolewa kwa watu kama jina la jirani yao wa msituni, likarejeshwa kwao kama jina lao wenyewe.

Matusi ya namna hii hayakuishia midomoni. Mwaka 1906 kijana wa Kongo aitwaye Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York, ili watu wamtazame. Wachungaji weusi wa mji huo walipinga hadi akatolewa. Hakupata njia ya kurudi kwao, na mwaka 1916 alijiua. Kwa hiyo leo mashabiki wa mpira wanapomlilia mchezaji mweusi kwa sauti za nyani katika viwanja vya Ulaya, wanaitumia historia hiyo yote, wajue wasijue. Nasi tunapolirusha neno hilo kwa watoto wetu, tunaitumia pia.

6. Jina lililopotosha na jina lililoongoza

Nimalizie uchambuzi wangu kwa mifano miwili ya karne hii.

Mwaka 1958, ugonjwa wa upele uliofanana na ndui uligunduliwa nchini Denmark katika wanyama waliofugwa kwa ajili ya utafiti. Walikuwa ni wale wa kundi la Macaca, kutoka Asia. Ugonjwa ukapewa jina lao. Mgonjwa wa kwanza wa kibinadamu alitambuliwa mwaka 1970 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ulipoenea duniani mwaka 2022, vyombo vyetu vya habari viliuita homa ya nyani au ndui ya nyani. Novemba ya mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza jina la mpox, kwa sababu jina la awali lilikuwa limeanza kutumiwa kwa unyanyapaa na ubaguzi. Hata hivyo, mlipuko ulipotangazwa tena kuwa dharura ya kimataifa kuanzia Agosti 2024 hadi Septemba 2025, ukizigusa Kongo, Burundi na majirani zake, "homa ya nyani" ilikuwa bado midomoni mwa watu.

Angalieni jinsi tafsiri hiyo ilivyokosea mara mbili. Kwanza, wanyama wale hawakuwa nyani katika maana finyu, na hawakuwa hata wa Afrika. Pili, wataalamu wanashuku zaidi panya na wanyama wengine wagugunaji kuwa ndio wanaohifadhi virusi hivyo, na wakati wa milipuko watu huambukizana wenyewe kwa kugusana kwa karibu. Mkulima anayesikia "homa ya nyani" hutazama msituni, wakati hatari imo katika shuka anayochangia na mgonjwa. Hili ni lile kosa langu la dunguni: mlio ulitolewa, lakini ulimtaja mnyama asiyehusika.

Mfano wa pili ni wa faraja. Katika misitu ya mlima Rungwe, wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja mnyama aitwaye kipunji. Watafiti waliosikia jina hilo walidhani huenda ni kiumbe cha masimulizi tu. Wakaendelea kulifuatilia, na mwaka 2003 wakamwona mwenyewe juu ya miti. Mwaka uliofuata, watafiti wengine walimwona katika msitu wa Ndundulu, upande wa Udzungwa. Mwaka 2005 alitangazwa rasmi kuwa spishi mpya, ya kwanza ya aina yake kupatikana Afrika kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus kipunji. Alikuwa mpya kwa sayansi. Kwa Wanyakyusa alikuwa na jina tayari. Kama wawindaji wale wangekuwa wamezoea kusema "nyani" kwa kila chenye mkia kirukacho mtini, watafiti wasingeuliza swali la pili.

7. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, Kiswahili kina majina mahususi ya wanyama hawa, na neno nyani limepanuka hadi kuyafunika. Pili, sarufi, methali na hadithi zetu zimejengwa juu ya tofauti za majina hayo, kiasi kwamba tofauti zikifa na methali hupoteza maana. Tatu, jina lililotumiwa vibaya humdhuru mtu, awe mkulima, mgonjwa au mtoto darasani.

Nina maombi mawili. Kwa watunga kamusi, naomba vidahizo hivi vifasiliwe kwa sifa za mnyama mwenyewe, yaani ukubwa, rangi, makao na tabia zake, vikiambatana na picha na kutaja eneo ambako jina hutumika, na matumizi ya matusi yapewe alama yake wazi. Tukihitaji jina la jumla, tunaweza kusema "jamii ya nyani" au primeti, na kumwachia nyani jina lake.

Kwa wanafunzi, naomba mwende mkawaulize wazee wenu kabla dungu la mwisho halijaanguka. Msiwaulize "hili mnaliitaje?" mkiwa mmeshika picha ya kitabuni. Nendeni nao ukingoni mwa msitu, na mnyama akitokea, sikilizeni wanavyoita. Kisha angalieni waliosikia wanafanya nini. Huko ndiko iliko maana.